Kichwa Majini, Mkia Mafutani

Syokau, juzi pale bombani Huruma
mitungi yako saba kwenye foleni na maji hayajafika,
uliniuliza: "Wewe huko Chiromo unapika nini hasa?"
Nikasema, sabuni.
Ukanitazama kama mtu aliyesomea miaka sita
kuchemsha chai.

Sikukujibu vizuri. Ngoja nijaribu tena.

Chukua jani la sukuma wiki, la asubuhi, bado na nta yake.
Lidondoshee maji.
Tone halilali. Linajikunja, linasimama kama gololi,
linabiringika hadi ukingoni, linaanguka.
Maji yanapendana yenyewe kwa yenyewe, Syokau,
na jani halitaki wageni.
Sasa tia chembe ya kitu changu:
tone linalegea, linajitandaza
kama leso iliyotupwa kitandani.

Siri ni umbo tu.
Mkia wa kaboni kumi na mbili, nimeutoa kwenye mafuta ya nazi,
unaogopa maji kama paka.
Kichwa ni asidi amino, ukoo ule ule
uliojenga kucha zako, na maziwa uliyomnyonyesha Mutanu.
Kichwa kinataka maji, mkia unataka mafuta,
na fundo lililowafunga halifunguki.
Basi huishi mpakani.
Zikizidi molekuli hizi, hujikusanya duara,
mikia ndani, vichwa nje,
kama kina mama waliomzingira mwenzao
aliyeshikwa na uchungu barabarani.
Humo katikati ndimo doa la mafuta hufichwa na kuchukuliwa.

Mpe kila kichwa mikia miwili badala ya mmoja,
duara linakuwa shuka:
ndiyo ngozi ya kila seli iliyo hai,
yako, yangu, ya mchicha.

Mwaka jana nilianza na glaisini. Ikanigandia chupani.
Kila naitrojeni ilikuwa na haidrojeni yake moja,
nayo ikamnyooshea jirani mkono,
jirani akamnyooshea jirani,
mpaka zikawa uji uliolala.
Chepkwony, fundi wetu wa maabara, akasema: badilisha kitu kimoja.
Niliing'oa ile haidrojeni,
nikaweka mahali pake kaboni moja na haidrojeni zake tatu.
Kitu kimoja.
Asubuhi nikasoma gazeti kupitia ile chupa.

Na kuna suala la mkono.
Asidi amino nyingi zina pacha wa kioo,
sawa kwa kila kitu, ila hawavai glavu moja.
Uhai, ukijenga protini, ulichagua wa kushoto.
Mwalimu Kisilu, darasa la pili,
alinichapa vidole kwa kushika kalamu na kushoto.
Alinichapa kwa mkono wake wa kulia
uliojengwa kwa kushoto
toka ukucha hadi bega.

Ile poda unayonunua kwa vipakiti haichagui.
Inachukua doa la shati la mwenye nyumba wa Pangani,
kisha inachukua mafuta ya kiganja chako,
kisha inafumua protini za ngozi kama sweta kuukuu.
Ndiyo maana nilikuletea yangu kwenye chupa ya maji,
bila lebo.

Ulifua mashuka manne, kimya.
Kisha ukainua mikono ikichuruzika:
"Haichomi. Lakini povu liko wapi?
Asipoliona povu atasema sijafua."

Sikuwa na jibu.
Chini ya daraja la Chiromo povu la watu wengine
limekwama kwenye matete tangu Jumapili,
jeupe, nene, haliozi.

Basi nimerudi. Nafupisha mkia, naurefusha,
natafuta umbo litakalokupa povu
ambalo mto unaweza kulila.
Sijui kama lipo.
Zile nyufa mbili za kidole gumba chako
nimezichora daftarini, kando ya hesabu,
moja ndefu, moja fupi iliyopinda.